Spanieli wa kuwinda ndege na kuishi na familia: tuulize ukoo kabla ya jina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie mjadala kuhusu mbwa wa kuwindia ndege. Makala iliyotoka karibuni gazetini humu iliwashauri wasomaji wanaotaka mbwa mmoja, atakayefuatana na mwindaji porini na jioni kulala sebuleni pamoja na watoto, kwamba wachukue spanieli, kisha ikaishia hapo. Ushauri huo si wa uongo, kwa kuwa ni vigumu kupata jamii ya mbwa inayoziunganisha kazi hizo mbili vizuri kuliko spanieli. Hata hivyo umeachwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowafanya watu wengi wamrudishe mbwa kwa aliyewauzia hata kabla hajatimiza mwaka.

Ninalotaka kusema ni kwamba jina la aina ya mbwa humweleza mnunuzi mambo machache kuliko anavyodhani, kwa sababu ndani ya jina lilelile kuna koo mbili zilizotengana kwa vizazi vingi, yaani ukoo wa kazi na ukoo wa maonyesho. Mtu akichagua kwa kutazama picha, atakuwa amechagua manyoya na masikio tu, na tabia ataikuta nyumbani baada ya kulipa.

Mgawanyiko huo una historia yake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 huko Uingereza, spanieli wa aina mbili, koka (cocker) na springa (springer), waliweza kuzaliwa katika uzao mmoja, na kilichowatenganisha kilikuwa mizani: waliobaki wadogo, chini ya ratili 25 hivi, ambazo ni kama kilo 11, waliitwa koka na kupelekwa kwenye vichaka vizito, na waliozidi hapo waliitwa springa. Chama cha The Kennel Club, chenye kusajili aina za mbwa na kilichoanzishwa London mwaka 1873, kiliwatenga koka mwishoni mwa karne hiyo, na mwaka 1902 kikawatambua springa wa Kiingereza na springa wa Wales kuwa aina rasmi, kila mmoja kwa jina lake. Kuanzia hapo wazalishaji walishika njia mbili. Walioshindana ulingoni mbele ya majaji walipenda kifua kipana, masikio marefu na manyoya mengi miguuni, ilhali walioshindana mashambani walitafuta pua kali, kasi, na mwili mwepesi usionaswa na miiba. Leo ukiwasimamisha pamoja springa wa maonyesho na springa wa kazi, mtu asiyewafahamu atadhani ni aina mbili tofauti, na kwa upande wa tabia hatakuwa amekosea sana. Huko Marekani mambo yalifika mbali zaidi kwa upande wa koka, hata mwaka 1946 chama cha American Kennel Club kikawaandikisha koka wa Kiingereza kuwa aina ya pekee, tofauti na koka wa Kimarekani, ambaye siku hizi manyoya yake mengi humfanya awe kazi kubwa kwa mwenye kuchana kuliko msaada kwa mwenye bunduki.

Kabla sijafika kwenye aina zenyewe, ni vema tuelewane kazi ya spanieli ni ipi, kwani wapo wanaomnunua wakitarajia kazi ya mbwa mwingine. Spanieli ni mbwa wa kufurusha. Hutembea mbele ya mwindaji akikata kushoto na kulia, na wakati wote anapaswa kubaki ndani ya masafa ya bunduki, yaani umbali wa mita 20 hadi 30 hivi, kwa sababu marisau, yaani vidonge vidogo vya risasi, hutawanyika na kupoteza nguvu upesi, na ndege aliyefurushwa mbali amekwisha kwenda zake. Mtazame springa mzuri anapokutana na harufu. Mkia uliokuwa ukitikisika kwa mwendo wa kawaida huanza kupiga harakaharaka hadi kiuno nacho kinayumba, pua inashuka, kisha anageuka ghafla kama aliyevutwa kwa kamba na kuzama kichakani, na ndege anaruka kwa kishindo. Hapo ndipo mafunzo yanapoonekana. Mbwa aliyefundwa huketi papo hapo, macho yakimfuata ndege, wala hamkimbilii, kwani akimkimbilia anaweza kuingia mbele ya mtutu au kuwafurusha ndege wengine bunduki ikiwa bado haijajazwa. Bunduki ikilia, bado ameketi. Akitumwa ndipo anapokwenda, anamtafuta aliyeanguka, na kumleta hadi mkononi mwa mwindaji bila kumtafuna.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi linahusu ardhi anayowinda. Anayewinda kwale kwenye nyasi fupi na uwanda wazi, ambako ndege hukaa mbalimbali, atachoka na mbwa wa kufurusha, na huyo ningemwelekeza kwa Brittany wa Ufaransa, ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa miongoni mwa spanieli lakini kazi yake ni kutafuta mbali, kunusa, kisha kusimama kimya akielekeza alipo ndege hadi mwindaji afike. Chama cha American Kennel Club kiliondoa neno spanieli katika jina lake mwaka 1982 kwa sababu hiyohiyo. Ana kilo 14 hadi 18, ni mpole kwa watoto, ila ni mwepesi wa kuumia moyo, na nyumba yenye makelele ya ugomvi haimfai.

Anayewinda kwenye vichaka, magugu marefu na kingo za mito ndiye mwenye haki ya spanieli wa kweli, na kwake springa wa Kiingereza wa ukoo wa kazi ndiye chaguo lenye hasara ndogo zaidi. Urefu wake begani ni sentimita 48 hadi 51 hivi, uzito wake wa kawaida ni kilo 18 hadi 23, ana nguvu ya kuvunja kichaka, anaogelea, na anaokota ndege mkubwa bila shida. Tatizo lake ni nguvu hizohizo. Mbwa aliyezalishwa ili akimbie kutwa nzima hatosheki kwa kuzungushwa mtaani kwa kamba, na familia isiyoweza kumpa muda wa kutosha wa mbio na kazi kila siku, mvua au jua, itapata mbwa anayechimba bustani na kubweka dirishani.

Koka wa Kiingereza, mwenye kilo 12 hadi 15 au zaidi kidogo, huonekana kuwa jibu rahisi kwa nyumba ndogo. Ni mdogo, anapenda watu, na huingia chini ya miiba ambamo springa angezunguka nje. Nawatahadharisha wasomaji wasidhani kwamba udogo wake ni utulivu. Koka wa kazi ana akili ya kujiamulia, hupenda kumjaribu anayemfunza, na baadhi yao huwa na tabia ya kulinda vitu, yaani akishika soksi au mfupa hataki kunyang'anywa. Tabia hiyo hurekebishwa mapema kwa kumzoesha kubadilishana, umpe kitu kizuri zaidi aachie alichonacho, na kamwe si kwa kumkabili kwa nguvu. Mwenye watoto wadogo wanaotambaa na kushika kila kitu alipime jambo hili kwa makini kuliko anavyopima ukubwa wa mbwa. Tena, kwa kazi ya kutwa kwenye maji baridi, mwili wake mdogo hupoa upesi.

Springa wa Wales, mwenye mchanganyiko mmoja tu wa rangi, wekundu na weupe, hasemwi vya kutosha. Koo za kazi na maonyesho hazijaachana sana kwake kama zilivyoachana kwa ndugu yake wa Kiingereza, hivyo mnunuzi hana hofu kubwa ya kuangukia upande usiomfaa. Ni mtulivu kidogo ndani ya nyumba, anashikamana sana na watu wake, na huwa na tahadhari kwa wageni, jambo linalodai azoeshwe watu, magari na sauti mbalimbali tangu akiwa mdogo. Hana kasi ya kushinda mashindano. Kwa familia inayowinda kwa kujifurahisha na yenye subira ya kumngoja mtoto wa mbwa azaliwe, maana wazalishaji wake ni wachache, mimi ningemtanguliza yeye mbele ya wote niliowataja.

Wawindaji wa bata wana chaguo lao. Spanieli aitwaye Boykin alipatikana katika jimbo la South Carolina, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ajili ya wawindaji waliopita kwenye vinamasi vya mto Wateree kwa mitumbwi midogo, ambamo mbwa mkubwa angeipindua. Ana rangi ya kahawia, kilo 11 hadi 18, huvumilia joto vizuri, na jimbo hilo lilimtangaza kuwa mbwa wake rasmi mwaka 1985. Spanieli wa Maji wa Kimarekani, wa Wisconsin, ni wa kazi hiyohiyo ila manyoya yake ya mawimbi humkinga zaidi na baridi. Spanieli wa Maji wa Ireland ndiye mrefu kuliko spanieli wote, mwenye manyoya ya kusokotana na mkia mwembamba usio na manyoya marefu, na ni mbwa wa mtu mwenye uzoefu. Huko kwingine kuna Clumber, aliyepewa jina la shamba la Clumber Park huko Nottinghamshire, mzito wa kilo 30 na zaidi, anayetembea taratibu na kunusa kila inchi. Mwindaji mwenye umri mkubwa atampenda kwa mwendo wake, na mwenye nyumba atamlalamikia kwa manyoya na udenda wake. Spanieli wa aina za Sussex na Field ni wachache mno duniani, nawapita. Cavalier King Charles namtaja kwa sababu moja tu, kwamba wengi humnunua kwa kuliona neno spanieli: huyo alizalishwa awe mwenzi wa kukaa naye, na ugonjwa wa vali ya moyo umeenea sana katika aina yake, hivyo asibebeshwe mzigo wa kuwinda.

Sasa nirudi nyumbani, ambako mbwa huyu ataishi sehemu kubwa ya maisha yake. Msimu wa kuwinda ni mfupi, na spanieli huishi miaka 12 hadi 14. Kuna imani ya zamani kwamba mbwa wa kuwindia akilala ndani na kubembelezwa na watoto huharibika kazini. Siiamini hata kidogo. Mbwa anayeishi na watu hujifunza kuwasoma, na anayewasoma watu hufunzika upesi. Kinachomharibu ni amri zisizolingana: baba anapuliza filimbi na kungoja hadi mbwa aketi, lakini mtoto anaichukua filimbi hiyohiyo, anaipuliza mara kumi akicheza, na hakuna anayejali kama mbwa ameketi au hakuketi. Baada ya juma moja la mchezo huo, filimbi haina maana tena kichakani. Basi familia ikubaliane maneno machache, yawe yaleyale kwa wote, na filimbi iwekwe juu ya kabati. Vilevile, kumtupia mpira mfululizo hadi achoke ni mchezo unaomfundisha kukimbilia kila kinachoruka, yaani kinyume kabisa cha kuketi ndege anapofurushwa. Ni heri watoto wafiche kifurushi cha turubai cha kufundishia kwenye nyasi, mbwa akiwa ameketishwa, kisha atumwe akitafute kwa pua. Dakika 15 za kunusa humchosha kuliko watu wanavyofikiri, na watoto hufurahi kwa sababu nao wanashiriki kazi yenyewe.

Kuhusu afya, mnunuzi asione haya kudai vyeti. Wazazi wawe wamepimwa nyonga na macho, na zaidi ya hapo vipo vipimo vya vinasaba vinavyohusu kila aina. Kwa koka wa Kiingereza, muhimu ni kipimo cha kudhoofika kwa retina, kunakoleta upofu polepole, na cha ugonjwa wa figo wa kurithi, unaoweza kumuua mbwa kabla hajafika miaka miwili. Kwa springa wa Kiingereza, vipo vya upungufu wa kimeng'enya cha PFK, unaoharibu chembe nyekundu za damu na kumlegeza mbwa akifanya kazi nzito, na cha fukosidosisi, inayoharibu mishipa ya fahamu. Kwa Boykin, kipo cha kuzimia kunakoletwa na mazoezi makali. Magonjwa haya ya vinasaba kwa kawaida humpata mtoto aliyerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Aliyerithi moja tu haugui, ila anaweza kuipitisha. Ndiyo maana mzalishaji anayesema kwamba jike lake limebeba jeni hiyo, lakini dume ni safi, si wa kukimbiwa, kwani watoto wa wawili hao hawataugua ugonjwa huo. Wa kukimbiwa ni yule anayejibu kwamba mbwa wake hawajawahi kuugua na kwa hiyo hawana haja ya kupimwa.

Masikio ni shida ya spanieli wote. Sikio linaloning'inia halipitishi hewa, na likiingia maji hubaki na unyevu unaokuza hamira na bakteria, hivyo baada ya kuogelea likaushwe, na linaloanza kunuka lionwe na daktari wa mifugo mapema. Mbegu za nyasi zenye ncha ni hatari nyingine: huingia kwa urahisi wala hazitoki, kwa kuwa vinyweleo vyake vimeelekea nyuma, na kila mbwa anapotembea husonga mbele ndani ya nyama. Kila mnaporudi kutoka porini, mlaze mbwa ubavu, umtenganishe vidole kimoja kimoja, upapase kwapani na nyuma ya masikio, na uvute kila kilichonasa kabla ya kumpa chakula. Mbwa wa ukoo wa kazi, mwenye manyoya mafupi zaidi, hukupunguzia nusu ya shughuli hii.

Mkia nao huzua maswali. Zamani mikia ya spanieli wa kazi ilikatwa kwa sababu huchanika na kutoka damu inapopiga miiba kutwa. Sheria hutofautiana: England ilipiga marufuku ukataji mwaka 2007 lakini ikawaacha nje mbwa wa kazi kwa masharti, na Uskoti, iliyokataza kabisa mwaka huohuo, ililegeza mwaka 2017 kwa spanieli wa kazi na wachache wengine, ikiruhusu theluthi ya mwisho tu iondolewe. Mnunuzi aulize sheria ya kwake kabla ya kukubali mtoto aliyekatwa mkia.

Ukifika kwa mzalishaji, usianze na watoto. Omba kumwona mama. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwa spanieli msemo huo hutimia kwa tabia zaidi ya rangi. Tazama kama anaweza kulala miguuni mwenu mnapozungumza, au anazunguka chumba bila kutulia; kama anamwendea mgeni kwa furaha, au anajificha; anafanyaje mtoto anapopita na chakula mkononi. Kisha omba umwone akifanya kazi, hata kama ni kwa kifurushi cha turubai kwenye uwanja wa nyuma. Mzalishaji wa mbwa wa kazi hufurahia ombi hilo. Watoto wasiachane na mama kabla ya wiki ya nane, na katika uzao mchague wa katikati, asiye mwoga wala asiyewakanyaga wenzake wote. Jike au dume si jambo la kukosesha usingizi. Kuchukua ndugu wawili kwa pamoja, hata watoto wako walie vipi, usikubali, kwani watashikamana wao kwa wao na kukusahau wewe.

Woga wa bunduki mara nyingi hutengenezwa na mwenye mbwa. Mtu humchukua mbwa mdogo akamfyatulia risasi karibu na kichwa ili ajue kama ni jasiri, na kazi ya mbwa huyo huishia pale. Aanze kusikia milio midogo kwa mbali akiwa anakula au akifuata harufu, na umbali upungue polepole mradi haonyeshi wasiwasi.

Mwisho, kuna njia ambayo makala yenu haikuigusa. Wafunzaji wanaoshindana mashambani huwa na mbwa wa miaka miwili au mitatu, waliokwisha kufundwa kuketi, kutafuta na kuleta, ambao wanaachwa kwa sababu kasi yao haitoshi kushinda. Upungufu huo wa kasi ndio unaomfaa mwenye familia. Bei yake ni kubwa kuliko ya mtoto wa mbwa, lakini mnunuzi anakiona anachokilipia. Aulize waziwazi mbwa anaachwa kwa sababu gani, aombe apelekwe kichakani na bunduki ilie mbele ya macho yake, aende na watoto wake wamwone, kisha aombe wiki mbili za majaribio nyumbani kabla ya kukamilisha malipo, kwa kuwa wapo waliokulia bandani ambao hawajawahi kukanyaga sakafu wala kusikia mashine ya kufulia.

Wako mtiifu,
Msomaji na mwindaji wa ndege